Siku Nne Katika Mto Fox: Kuta Fupi Zisizoonekana Kutoka Juu

Siku ya kwanza, Alhamisi tarehe 13 Juni 2024: Geneva hadi North Aurora

Saa mbili asubuhi tulishusha mtumbwi na kayaki majini mjini Geneva, jimbo la Illinois, chini ya ukuta wa kwanza kati ya zile kuta fupi zinazoukinga Mto Fox tulizokusudia kuzijua. Tulikuwa watatu: mimi, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 19 aliyekuja mwaka jana kutoka Korogwe kusoma, na mwalimu wetu, mama aliyestaafu ambaye kwa miaka mingi amefundisha watu kupiga kafi katika mito ya eneo hili. Mimi na mpwa wangu tulikaa katika mtumbwi mmoja, naye mwalimu akatangulia katika kayaki yake. Kabla ya kuturuhusu kugusa maji alikagua vifungo vya majaketi okozi yetu kimoja kimoja, akavuta mabega ya jaketi la mpwa wangu kwa nguvu, na lilipopanda hadi masikioni akamwambia alikaze upya.

Mto Fox unaanzia jimbo la Wisconsin, unateremka kusini kwa zaidi ya kilomita 300 na kuingia katika Mto Illinois kwenye mji wa Ottawa. Si mto mkubwa. Katika sehemu nyingi tulizopita mtu mzima angesimama na maji yakamfika kiunoni, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuudharau. Katika karne ya 19 walowezi waliukinga kwa kuta fupi ili maji yazungushe vinu vyao; vinu vimekwisha, lakini kuta nyingi zimebaki au zimejengwa upya kwa zege, na katika mji baada ya mji utakuta ukuta, daraja na bustani ya mapumziko vimekaa mahali pamoja. Wakulima wa umwagiliaji kwetu wangeuita ukuta wa namna hii banio. Haukusudiwi kuhifadhi maji mengi kama mabwawa ya Mtera au Nyumba ya Mungu kule Tanzania. Unayainua tu, na yanayozidi yanapita juu yake kwa upana wote wa mto, usiku na mchana, bila lango la kufunga.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuifunga safari hii. Ninaishi Aurora, na kila kiangazi ninawaona ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania wakikaa kando ya kuta hizi siku za mapumziko, wakichoma nyama na kuvua samaki, na watoto wao wakichezea maji kwa sababu hapo ni baridi na panaonekana hapana kina. Vibao vya onyo vipo, lakini bibi aliyekuja na wajukuu hawezi kuvisoma, na anayeweza kuvisoma huona ukuta usiozidi sana kimo cha mtu akadhani kibao kimezidisha. Nilitaka niione hatari hiyo kwa macho yangu, kutoka juu na kutoka chini, ili nitakapowaeleza niwe ninasema ninachokijua.

Tulipita kinu cha upepo cha Fabyan, kirefu na cheupe, kilichosimama juu ya ukingo wa mashariki kana kwamba kimehamishwa kutoka Uholanzi. Korongo wa kijivu alikuwa amesimama kwenye kina kifupi hatua chache kutoka kwetu, na hakuruka hata tulipompita. Baada ya hapo maji yalianza kupunguza mwendo. Mpwa wangu alifurahi, kwa kuwa mtumbwi sasa ulikwenda popote alipouelekeza, akaacha kafi magotini na kuanza kupiga picha. Mwalimu alituita tumsogelee, akamwuliza kijana anaona nini mbele.

Mpwa wangu aliangalia, kisha akanigeukia. “Mjomba, mbona mto umekatika?”

Ndivyo ulivyoonekana. Maji yalikuwa tambarare kama meza mpaka kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma ya mstari huo vilele vya miti vilionekana bila mashina yake. Hapakuwa na povu wala mshindo wa kututisha, kwa kuwa sauti ya maji yanayoanguka huelekea chini, na upepo ulikuwa ukitupiga kutoka nyuma. Aliyekaa ndani ya mtumbwi macho yake yako chini ya mita moja juu ya maji, kwa hiyo anaona ukingo wa juu wa ukuta tu, na ukingo huo umefunikwa na maji laini yanayong’aa. Mwalimu alitufundisha kuutazama mstari huo kama dereva anavyotazama kizuizi cha reli: ukishauona, unaelekea ukingoni hapo hapo, husubiri kuhakikisha. Baadhi ya kuta zina maboya yaliyofungwa kwa mnyororo upande wa juu, lakini mafuriko huweza kuyang’oa, na asiyeyaona leo asidhani kwamba ukuta haupo.

Tulitoka majini kabla ya ukuta wa Batavia, tukaubeba mtumbwi begani kwa nchi kavu, tukaurudisha majini mbali chini yake. Kazi hiyo ilituchukua karibu nusu saa na ilinichubua bega. Tulirudia hivyo hivyo mbele yake, tukaimaliza siku North Aurora, ambako gari la rafiki lilitusubiri.

Siku ya pili, Ijumaa tarehe 14 Juni: Aurora kwa miguu, kisha Montgomery hadi karibu na Yorkville

Katikati ya Aurora mto unagawanyika kukizunguka Kisiwa cha Stolp, kuta zimefuatana na kingo zimejengwa kwa zege iliyosimama wima, kwa hiyo mwalimu alikataa kata kata tupite humo kwa mtumbwi. Tulitembea. Huu ndio mji unaojiita Mji wa Taa kwa kuwa mwaka 1881 ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza Marekani kuwasha taa za umeme barabarani, na nimepita juu ya madaraja yake mamia ya mara nikienda kazini bila kusimama hata mara moja kutazama chini.

Tuliposhuka hadi Montgomery tulikaa ukingoni mbele ya ukuta kwa karibu saa nzima, na saa hiyo ndiyo iliyonifundisha kuliko safari yote. Ukuta ni mrefu kwa upana na mfupi kwa kimo. Maji yanashuka juu yake kama kitambaa kilichonyooshwa, mazuri kutazama, na chini yake yanatoa povu jeupe. Ndani ya povu hilo palikuwa na mpira mwekundu wa mtoto. Mpira ulivutwa kuelekea ukutani, ukapigwa na maji yanayoanguka, ukazama, ukaibuka hatua chache upande wa chini, ukatulia kidogo kama unaotaka kuondoka, halafu ukaanza tena kurudi ukutani. Mpwa wangu alihesabu mizunguko 30 akaacha. Karibu nao palikuwa na gogo lililokuwa likifanya vivyo hivyo, polepole zaidi, na magome yake yote yalikuwa yamekwisha kuchubuka.

Mwalimu alitueleza kinachotendeka. Maji yanayoanguka hupiga mbizi mpaka chini ya mto, kisha hupanda juu umbali mfupi kutoka ukutani na kufumka kama chungu kinachochemka. Kutoka hapo yanagawanyika: sehemu inaendelea na safari yake kuelekea chini, na sehemu inarudi nyuma juu ya uso wa mto hadi ukutani, mahali ambapo inazamishwa upya. Aliye kati ya ukuta na mahali maji yanapofumka anarudishwa kila anapojaribu kuondoka, hata kama ni mwogeleaji hodari, kwa kuwa anaogelea dhidi ya maji yasiyochoka. Tena povu lile jeupe ni maji yaliyochanganyika na hewa nyingi, na maji ya namna hiyo hayambebi mtu vizuri. Jaketi okozi linalomwelesha mtu ziwani haliwezi kumwelesha hapo kama alivyotarajia, wala kafi haipati cha kushika. Pembeni kuna zege iliyosimama wima isiyo na pa kupandia. Waokoaji wa Marekani huziita kuta hizi mashine za kuzamisha watu, na nilipokuwa nikiutazama mpira ule sikuona neno hilo limezidi.

Niliuliza kama mvua ikinyesha sana si afadhali, maana maji ya chini yakipanda, maporomoko yanazidi kuwa mafupi. Alisema wengi hufikiri hivyo, na ndipo wanapoangamia. Mto ukijaa, ukuta unakaribia kutoweka machoni, unabaki kama mkunjo mdogo tu juu ya maji, huku mzunguko ulio chini yake ukizidi kurefuka na kupata nguvu. Wakati mto uko juu hapaingiwi.

Kisha akatusimulia habari ya Elgin, mji ulio juu yetu kwenye mto huu huu, ambako mwaka 1974 wazimamoto wawili walikufa ukutani walipokwenda kuokoa. Watu wale walikuwa na mafunzo na walikuwa na mashua. Alisema katika misiba ya kuta fupi ni jambo la kawaida kuwaomboleza walioingia kuokoa pamoja na yule aliyenaswa kwanza, kwa sababu anayekaribia kutoka upande wa chini naye huvutwa na mkondo unaorudi nyuma. Kwa hiyo alitufundisha utaratibu na kutufanya tuurudie kwa sauti: kwanza piga simu 911, namba ya dharura ya hapa; mfikie kwa kitu kirefu ukiwa umelala au umekaa nchi kavu; ukishindwa, mrushie kamba; usiingie majini. Tulirusha kamba yake ya uokozi mara nyingi kwenye nyasi. Kamba hiyo hukaa ndani ya mfuko, unashika ncha moja na kuurusha mfuko upite juu ya bega la mtu, si mbele yake. Mara tano za kwanza nilikosa. Mpwa wangu alipata mara ya pili, naye hakujisifu, jambo ambalo si la kawaida kwake.

Mchana tuliteremka mtoni chini ya ukuta, tukapita Oswego, na jioni tukatoka majini mapema upande wa kusini kabla ya Yorkville. Sehemu hii ni starehe tupu: visiwa vidogo vyenye miti, kobe waliopangana juu ya magogo, na maji yanayocheka juu ya kokoto.

Siku ya tatu, Jumamosi tarehe 15 Juni: Yorkville

Ukuta wa Yorkville unaitwa Glen D. Palmer, na ndio ulionileta. Mwezi Mei 2006 watu watatu walikufa hapo siku moja: mmoja alinaswa chini ya ukuta na kayaki yake, na waliobaki walikufa kwa kujaribu kumtoa. Haukuwa msiba wa kwanza wa mahali hapo, lakini baada yake jimbo lilibadilisha ukuta wenyewe. Upande wa mbele uliokuwa ukishusha maji kwa mara moja ulijengewa ngazi nne za zege, ili maji yapoteze nguvu yake hatua kwa hatua na mzunguko ule usipate nafasi ya kujitengeneza. Pembeni, kwenye ukingo wa kusini, ulichimbwa mfereji unaouzunguka ukuta wote, wenye maporomoko madogo yaliyopangwa kwa mawe, na pamoja nao njia ya samaki kupandia. Mfereji umepewa jina la Marge Cline, mwalimu wa kupiga kafi aliyeupigania kwa muda mrefu.

Nilikaa kwenye nyasi nikatazama mahali ambapo hatari na mapumziko vimetenganishwa kwa usanifu, wala si kwa kibao peke yake. Watoto walipanda maboya ya mpira na kuteremka mfereji wakipiga kelele za furaha, vijana wenye kofia ngumu walifanya mazoezi ya kupindua kayaki na kuiinua, na hatua chache kutoka kwao ukuta ulikuwa ukiunguruma peke yake bila mtu. Mpwa wangu alishuka mfereji mara sita kwa kayaki ya mwalimu. Mara ya tatu alipinduka, akafanya kama alivyofundishwa: akalala chali, miguu mbele na juu, akasubiri mpaka maji yatulie ndipo akaogelea hadi pembeni. Kusimama katika maji yaendayo kasi ni kosa, kwa sababu mguu ukikwama kati ya mawe mkondo humlaza mtu kifudifudi na hawezi tena kujiinua.

Hata hivyo ngazi hazijaufanya ukuta kuwa uwanja wa michezo. Vibao bado vinakataza kuukaribia kutoka juu na kutoka chini, na ni haki yake, kwani zege iliyoota ukoga inateleza na maji yanayoruka juu yake yanavunja mifupa.

Saa sita familia moja ilifika na makapu yake. Nilisikia “yambo” kabla sijawaona, nikajua ni Waswahili wa Kongo, nikaenda kuwaamkia. Baba alikuwa na ndoano tatu na kibali cha kuvulia, ambacho Illinois humtaka kila mvuvi aliyetimiza miaka 16 awe nacho isipokuwa wachache waliosamehewa. Alijua vizuri kwamba samaki hujikusanya chini ya ukuta, kwa kuwa wanapanda mto wakakuta njia imefungwa, na alikuwa ameazimia kuingia hadi magotini ili arushe ndoano karibu na povu. Mama alikuwa akimfunga mtoto wa miaka kama minne maputo ya mikononi, yale ya kujaza upepo.

Sikutaka kuwa mgeni anayeamuru wazazi mbele ya watoto wao. Nilimwambia, “Mama, samahani, hayo ya mikono hayamsaidii hapa, yanatoka kirahisi. Mwalimu wetu ana jaketi la kadiri yake, mtaturudishia jioni.” Alinitazama, akamtazama mtoto, akasema, “Aksanti, ndugu. Hatuna aliyetuambia.” Baba alikuwa mgumu zaidi. Alisema amekulia kando ya Ziwa Tanganyika na maji hayamtishi. Nilimjibu kwamba simshuku katika kuogelea, kisha nikamsimulia mpira mwekundu wa Montgomery na mizunguko yake, na habari ya waliokwenda kuokoa. Alinyamaza kwa muda. Mwishowe alihamisha viti vyake akaenda kuvulia mbali zaidi upande wa chini, penye mchanga, na kabla hatujaondoka alikuwa amekwisha kupata kambale wawili.

Neno la mama yule lilinisumbua alasiri yote tulipokuwa tukipiga kafi kuelekea Silver Springs. Kila mji hapa unachapisha vipeperushi kuhusu theluji, takataka na uchaguzi katika lugha kadhaa. Si jambo kubwa kuongeza maneno machache ya Kiswahili kuhusu mto, yaandikwe na watu wanaosema lugha hii nyumbani, yabandikwe makanisani, misikitini na katika maduka yanayouza unga wa mihogo. Nimeamua kuanza na maneno haya: “Usikaribie ukuta, juu wala chini. Maji yanarudi nyuma. Mtu akinaswa, usimfuate. Piga 911, rusha kamba.”

Kando ya moto jioni tulizungumzia hatima ya kuta zenyewe. Wahandisi wa jeshi la Marekani pamoja na jimbo walikuwa wamependekeza kuondoa nyingi ya zile zilizo kati ya Carpentersville na Montgomery, hasa kwa ajili ya samaki na afya ya mto. Wapo wakazi wanaolipinga pendekezo hilo kwa moyo wote, kwa kuwa wamezaliwa wakiuona mto mpana na mtulivu mbele ya nyumba zao na kuusikia ukuta usiku wakiwa kitandani. Ninawaelewa. Kwetu Korogwe Mto Pangani ukibadilishwa umbo, nami ningelia. Lakini nikiwekewa kwenye mizani sauti ya maji na watu wanaokufa ndani yake, siwezi kuchagua sauti, na pale ambapo ukuta hauwezi kuondolewa, Yorkville imeonyesha kwamba unaweza kurekebishwa.

Siku ya nne, Jumapili tarehe 16 Juni: kutoka Sheridan hadi karibu na Dayton

Tulianza alfajiri tukaingia katika bonde ambalo sikujua kama lipo Illinois, nchi ya mahindi na tambarare. Chini ya Sheridan kingo zinainuka kuwa majabali ya mawe mchanga ya rangi ya manjano, yamelowa, yana mapango madogo na kuota kuvu la kijani, na mbayuwayu wanaingia na kutoka kwenye matundu yake. Karibu na Wedron mchanga uo huo unachimbwa na kuuzwa, mweupe na safi mno. Kwa saa nyingi hatukuona nyumba.

Ukuta wa Dayton, wa mwisho kabla ya Ottawa, ni mrefu kwa kimo kuliko zote tulizopita na una mtambo wa kuzalisha umeme. Mwalimu alikuwa amekwisha kuamua kwamba hatutaukaribia kwa maji. Mpwa wangu, aliyekaa mbele, ndiye aliyeuona mto ukitulia. Hakungoja kuambiwa, akageuza pua ya mtumbwi kuelekea ukingoni tukiwa bado mbali, na mwalimu akatufuata bila kusema neno. Tulivifunga vyombo juu ya gari mchana.

Tukiwa njiani kurudi Aurora, mpwa wangu aliomba tupite Montgomery. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na watu kadhaa walikuwa wamekaa kwenye madawati ya bustani wakila aiskrimu. Mpira ulikuwa bado pale chini ya ukuta. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka upande mmoja na upepo umepungua ndani yake, hivyo ulikuwa ukizama kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuibuka, lakini uliibuka, ukaja hatua chache kuelekea kwetu, ukarudi. Mpwa wangu alitoa simu, akampigia mama yake Korogwe ingawa huko ulikuwa usiku wa manane, akaelekeza kamera majini. “Mama,” akasema, “angalia ule mpira. Subiri, usikate, angalia tu.”